Ottilia na Paka wa Ghala la Kahawa

Ushirika ulipofunga ghala la njia panda, chini kidogo ya Maguu, vitu vyote vilitolewa nje vikanadiwa. Mzee Hyasinti, aliyekuwa mwenyekiti, alinunua meza. Mtu mwingine alinunua mizani, akaondoka nayo begani bila kujua atapima nini. Viti, turubai, saa ya ukutani isiyokwenda, kila kimoja kilipata mwenyewe. Jioni Ottilia akafika nyumbani na tenga moja kichwani na jingine mkononi, na matenga yote mawili yalikuwa yanalia.

Othmar, mumewe, alikuwa amekaa kizingitini ananusa ugoro wake.

"Umenunua nini, Mama Beata?"

"Sijanunua. Hawa hawakuwa kwenye mnada."

Akatua matenga, akafungua vifuniko. Wakatoka paka saba. Wa nane alikuwa nyuma yake barabarani, dume la kijivu lenye jicho moja, anatembea taratibu kama mtu anayekagua shamba.

"Huyo alikataa kubebwa," Ottilia alisema. "Amekuja kwa miguu yake."

Othmar akawatazama. Hakuwa mtu wa paka. Kwao paka alikuwa kitu cha jikoni kama kinu, kipo, hukigusi mpaka uwe na kazi nacho. Wale wanane walimpita miguuni, mmoja mmoja, wakaingia ndani.

"Watakaa mpaka lini?"

"Mpaka wapate kwao."

Hiyo ilikuwa mwaka tisini na nne.

Ottilia alikuwa amefagia ghala lile miaka kumi na tisa. Panya hawali kahawa, lakini hukata magunia ya katani wakawatandikia watoto wao, na gunia likishatoboka kahawa inamwagika. Kwa hiyo ushirika ulifuga paka, na kila siku asubuhi kikombe cha maziwa kilitolewa kwa ajili yao. Kazi ya kuwapa ilikuwa ya Ottilia. Kazi ya kuwapa majina haikuwa ya mtu, akaichukua. Akawapa vyeo vya chama. Palikuwa na Katibu, palikuwa na Karani, palikuwa na Mweka Hazina aliyelala juu ya magunia kutwa nzima. Palikuwa na jike jembamba lililopenda kutembea juu ya boriti bila kuyumba, akaliita Mizani. Na yule wa jicho moja alikuwa Mwenyekiti.

Mzee Hyasinti alipolisikia hilo alikuja ghalani kulalamika.

"Mama, yaani mtu anapita nje anasikia, 'Mwenyekiti amekojoa kwenye magunia.' Mimi nina wajukuu."

"Basi, mzee, siku nyingine nitasema kwa sauti ndogo," Ottilia alimjibu, na hakubadilisha.

Msimu ule ghala lilipofungwa, wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia. Walikuja na magari madogo, wakasimama pembeni mwa barabara, wakapima na kulipa hapohapo. Watu wa milimani waliozoea kungoja malipo ya pili na ya tatu ya ushirika walishika fedha siku moja. Vijana wakanunua redio. Mbinga mjini sokoni kukawa na kila kitu, nguo za mitumba, betri, sabuni za rangi, na wachuuzi wa sumu ya panya waliotembea na vipakiti vyao wamevitundika kwenye fimbo. Walitangaza kwa kuimba kwamba paka anakula kila siku lakini sumu unainunua mara moja.

Watu waliona ni hesabu nzuri. Wakaweka sumu darini, wakaweka kwenye vihenge vya mahindi, hata mabondeni kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba wanayolima Wamatengo. Panya walikufa. Paka waliowala panya wale nao wakafa, na wengine, kwa kuwa sasa hawakuwa na kazi, walifukuzwa tu wakaenda porini.

Ottilia akawa anawaokota. Akitoka misa ya Jumapili anarudi na mmoja ndani ya kanga. Akienda kuchota maji anasikia kilio kwenye mibuni, anaweka ndoo chini. Aliyekula sumu alimnywesha maji ya mkaa uliosagwa, akamlaza jikoni karibu na mafiga, akakaa naye. Wapo waliopona. Waliokufa aliwazika mwisho wa shamba kwa mkono wake, wala hakumwomba Othmar amchimbie.

Katibu alikufa hivyo. Alikuwa amezoeana sana na Mizani, walikuwa wakilala pamoja kichwa juu ya mgongo. Alipozikwa, Mizani alikwenda akalala pale kwenye udongo mbichi siku tatu, na umande wote ule. Ottilia hakumwondoa. Asubuhi alimpelekea chakula, akakaa kidogo, akarudi na chakula kilekile. Siku ya nne Mizani akaja mwenyewe mlangoni.

"Umeona," Ottilia alimwambia Othmar. "Amemaliza."

Othmar siku ile alipokwenda shambani alizunguka, asipite juu ya pale.

Chakula cha paka wote hao kilitoka ziwani. Mwanamke mmoja Mnyasa wa Mbamba Bay, jina lake Violet, alikuwa akipanda milima na lori kila wiki mbili kuuza usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Chini ya kila gunia hubaki chenga na vichwa vilivyokatika. Violet alikuwa akizikung'uta kwenye kikapu cha Ottilia.

"Dada, siku hizi nakuletea wewe chenga nyingi kuliko samaki wazima ninaouza," alisema. "Wamatengo mmelima mashimo mpaka mmechoka, sasa mnalima paka."

"Na ninyi Wanyasa mnaoga ziwani kila siku na bado mnanuka samaki."

"Ndiyo maana paka wako wananipenda kuliko wanavyokupenda."

Na ni kweli walimpenda. Walikuwa wakilisikia lori lake kabla ya binadamu, wakajipanga ukutani.

Ottilia hakuwa na nia ya kubaki nao wote. Alitaka wapate kwao, kama alivyosema siku ya kwanza. Lakini alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo hakuna aliyeweza kuupinda.

Paka hauzwi. Paka hatolewi bure pia. Anayemtaka apige hodi mlangoni kama mgeni, hata akiwa jirani wa ukuta mmoja. Awe amebeba chakula kilichotoka kwake, alichokitafuta na kukipika mwenyewe. Akikaribishwa achuchumae kizingitini, aweke kile chakula kwenye kiganja, amngojee paka. Paka akila mkononi, amchukue. Asipokula, mtu aende zake, aje siku nyingine. Na akishamtia kwenye gunia asigeuke nyuma mpaka apite kona.

"Kwa nini asigeuke?" Othmar aliwahi kumuuliza.

"Akigeuka ataniona mimi. Sitaki anione."

Watu walicheka. Walisema Mama Beata anaoza paka kama mabinti, mpaka mposaji apewe mtihani. Lakini walikuja, maana baada ya mwaka mmoja wa sumu wachache walikuwa na paka, na panya walikuwa wamerudi wengi kuliko mwanzo.

Hata karani wa mmoja wa wale wanunuzi binafsi alikuja. Jina lake Aidan, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua. Kampuni yake ilikuwa imekodi lile ghala la njia panda, naye ndiye aliyejaza sumu kila pembe. Panya walikwenda kufia chini ya chaga, zile mbao zinazobeba magunia. Kahawa inavuta harufu kama kitambaa, na magunia ya chini yote yakawa yananuka mzoga. Yakarudishwa.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa una paka. Nahitaji watatu, wakali. Niambie bei."

"Ulikula nini jana?"

Aidan akashangaa. "Jana? Wali, pale hotelini."

"Kwako hupiki?"

"Nina muda gani wa kupika, mama?"

"Basi huna chakula kilichotoka kwako. Nenda, mwanangu. Ukipika uje."

Akaondoka ameudhika, akawasha gari kwa kelele. Wiki iliyofuata akarudi na kibakuli. Alikuwa amekaanga mayai, yameungua chini. Akavua miwani, akachuchumaa kizingitini na suruali yake nzuri. Mizani akaja, akanusa, akala yai lote na kulamba vidole. Othmar aliyekuwa pembeni aliona uso wa yule kijana ukibadilika. Alikuwa hajawahi kulambwa mkono na mnyama.

"Ni huyu tu?" aliuliza. "Nilitaka watatu."

"Wamekula wangapi?"

"Mmoja."

"Haya."

Akamchukua Mizani. Alifika kona bila kugeuka. Baada ya hapo ghalani hapakuwekwa sumu tena. Aidan akajifunza kupika mayai vizuri, akaja mara mbili zaidi.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Waliingia, walitoka. Wengine walikwenda Maguu, wengine walishuka na Violet mpaka ziwani. Huko wenye kuwataka walimpa Violet samaki wa kuchoma, mbasa au gege, ampelekee Ottilia, na Ottilia alikubali Violet apokee kwa niaba yao, maana hawangeweza kupanda mlima wote kwa ajili ya paka. Hilo ndilo jambo pekee alilolegeza. Nyumbani hawakupungua kumi na tano. Mwenyekiti alikuwapo siku zote. Watu watano walijaribu kumchukua, na wote watano aliwanusa akaenda zake.

Mwaka tisini na saba, wakati wa kuvuna kahawa, Ottilia akaanza kushika tumbo akiinama. Alisema ni uchovu. Mwezi wa tisa akashindwa kupanda mlima wa shamba. Othmar akampeleka hospitali, wakalala huko siku nne. Daktari akawaita wote wawili, akaeleza. Kulikuwa na uvimbe, ulikuwa umeenea, na kwa pale ulipofika hapakuwa na kisu cha kuufikia. Akawapa vidonge vya maumivu.

Njiani kurudi, Ottilia akaliona paa la nyumba yao.

"Wako kumi na tisa," alisema.

"Nani?"

"Paka. Nataka wote wawe wameondoka kabla yangu."

Othmar alimshika mkono kumsaidia kushuka. "Nitawalisha mimi," alisema.

"Wewe hujawahi hata kumgusa mmoja."

"Nitawalisha."

"Kulisha si kitu. Watakuwa wamebaki tu. Aliyebaki ni kama chungu, kiko pale kwa sababu hakuna aliyekitoa. Nataka kila mmoja awe amechukuliwa."

Basi kazi ikawa hiyo. Neno likapita kanisani na sokoni kwamba Mama Beata anatoa paka wote. Hakulegeza utaratibu hata hivyo. Alilala kwenye mkeka chumba cha mbele, mlango wazi, na kila aliyepiga hodi aliulizwa. Utamlaza wapi? Una mbwa? Akizeeka asiweze kukamata panya utamfanyaje? Mwalimu mmoja alijibu kwamba akizeeka atatafuta mwingine. Ottilia akamwambia alale salama, na saa hizo ilikuwa saa nne asubuhi.

Wakaondoka. Karani alikwenda kwa masista. Mweka Hazina alikwenda kwa mzee Hyasinti mwenyewe, naye aliuliza kama anaruhusiwa kumbadilisha jina, akaambiwa anaruhusiwa lakini paka hataitika. Kila mmoja alipotoka Ottilia alisikiliza hatua mpaka zikapotea, kisha akageukia ukutani kidogo. Othmar alikuwa akitoka nje wakati huo. Alijua hataki kuonwa.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, mvua za mwaka ule ambazo kila mtu anazikumbuka. Zilinyesha bila kupumzika. Kufikia katikati ya mwezi wa kumi na mbili alibaki mmoja, Mwenyekiti. Na hata yeye alikuwa na ahadi. Violet alikuwa amesema shangazi yake wa Kihagara, kule ziwani, bibi Eunice, atamchukua, naye Violet ataleta samaki wake safari hii hii. Lakini barabara ya kushuka Mbamba Bay ilikatika. Udongo ulishuka na miti yake ukalala njiani, na hakuna lori lililopanda wala kushuka.

Ottilia alikuwa amekwisha mwili. Alikunywa uji vijiko vitatu, akasema ameshiba. Mwenyekiti alilala ubavuni mwake.

"Violet hatafika," alisema siku moja.

"Hatafika," Othmar alikubali.

Akafumba macho. Othmar akakaa pale anamtazama. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka arobaini na moja, na hakumbuki siku aliyomwona ameshindwa jambo alilolisema. Akasimama. Akaenda jikoni, akasonga ugali. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba kwenye mvua, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi hapa."

"Nani?" Ottilia aliuliza.

"Mgeni."

Sauti ya Ottilia ikaja, ndogo lakini ya kazi, ileile aliyotumia kwa watu wote. "Karibu mgeni. Umekuja na nini?"

Othmar akachuchumaa kizingitini. Magoti yalilia. Akaweka tonge la ugali kiganjani, akanyoosha mkono. Mwenyekiti akanyanyuka, akanyoosha mgongo, akaja mpaka kwenye kile kiganja. Akanusa. Akapiga chafya mara mbili, akarudi kwenye mkeka.

"Mkono wako unanuka ugoro," Ottilia alisema. "Na ugali una mabonge. Nenda, uje siku nyingine."

Othmar akasimama nje. Mvua ilimpiga mgongoni. Baada ya muda akasikia, "Mgeni, umeshaondoka?"

"Nimeshaondoka."

"Basi mwambie Baba Beata aingie, analowa."

Siku ile akatupa kopo la ugoro chooni. Alikuwa amelinunua juzi. Akaosha mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawaka, na kesho yake akachukua usipa kwenye kikapu, akawachoma, akazunguka nyumba.

"Hodi."

"Karibu mgeni. Hao ni usipa wa nani?"

Othmar akafikiri. "Wa humu ndani."

"Ni wangu hao. Nimewanunua mimi kwa Violet. Wewe umekuja na nini kilichotoka kwako?"

Othmar akarudi jikoni, akatazama. Mahindi alipanda Ottilia. Maharage alivuna Ottilia. Kuku walikuwa wa Ottilia. Miaka yote hiyo alikuwa amelima na kupanga na kuuza kahawa, lakini kila kilicholiwa ndani ya nyumba ile kilikuwa kimepita kwenye mikono ya mke wake. Alisimama pale akaona hivyo kwa mara ya kwanza, na chai yake ikapoa.

Akatafuta uzi na ndoano kwenye sanduku la ujana wake. Ndoano ilikuwa na kutu, akaisugua kwa jiwe. Akachimba nyungunyungu, akashuka mtoni. Mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unabeba magogo. Alikuwa amemwomba jirani, mke wa Damiano, akae na mgonjwa. Akakaa ukingoni na gunia la plastiki kichwani siku nzima. Hakupata kitu. Watu waliopita darajani walidhani huzuni imemwingia kichwani, mmoja akashuka kumwambia taratibu, "Mzee, rudi nyumbani, wakati huu hawali."

"Najua hawali," Othmar alisema, akabaki.

Siku ya pili, mchana, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, akapata visamaki viwili vya urefu wa kidole. Akapanda navyo mlima ameviweka mfukoni mwa shati. Akavipara, akavitoa matumbo, akavichoma juu ya kaa la moto polepole, akivigeuza kwa kijiti.

"Hodi."

"Karibu mgeni." Sauti sasa ilikuwa chini sana. "Umekuja na nini?"

"Samaki wa mtoni. Nimevua mwenyewe. Nimechoma mwenyewe."

"Mvua yote hii?"

"Mvua yote hii."

Akachuchumaa. Akanyoosha mkono. Mwenyekiti alikaa kwenye mkeka, akamwangalia kwa jicho lake moja. Alikaa muda mrefu. Othmar hakumwita, kwa sababu hakujua paka huitwaje. Mkono ulianza kuuma begani, akaushika kwa mkono wa pili. Ndipo paka akainuka, akaja. Akanusa kiganja, akanusa kifundo cha mkono, akarudi kwenye kiganja. Akala kisamaki cha kwanza kuanzia kichwani. Akala cha pili. Ulimi wake ulikuwa mkavu na wenye mikwaruzo kama jani la mtini.

Othmar hakuinua kichwa.

"Haya," Ottilia alisema. "Mchukue."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwako. Gunia liko nyuma ya mlango."

Akamtia kwenye gunia. Yule aliyekataa tenga siku ile hakupigana. Othmar akatoka naye, akapita mibuni, akaenda mpaka kona ya barabara, hakugeuka. Alipopita kona akasimama kidogo kwenye mvua. Kisha akazunguka kwa nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni, akamfungulia. Mwenyekiti akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kulala ubavuni mwa Ottilia. Ottilia alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na machozi yakamtoka, na bado alikuwa anacheka.

Aliishi siku mbili zaidi. Siku hizo hakutaja paka. Alizungumza habari za maharage, kwamba mvua itayaozesha yasipotolewa upande wa bondeni. Alimweleza Othmar ugali unavyosongwa, unga kidogo kwanza, usiharakishe. Aliuliza kama barua ya Beata, binti yao aliyeolewa Songea, imejibiwa. Alhamisi asubuhi, wakati uji unapoa, akafariki.

Walimzika Ijumaa. Watu walikuja na matope mpaka magotini, wengi kuliko walivyotarajiwa. Aidan alikuja, akavua viatu vyake, akachukua koleo, na alikuwa wa mwisho kuliachia. Masista walikuja. Mzee Hyasinti alisimama akataka kusema neno juu ya kazi ya marehemu katika ushirika. Akasema alifagia vizuri, kisha akakwama, akakaa. Watu hawakumcheka.

Siku ya tisa baada ya maziko, mvua ilipotoa nafasi kidogo, Violet alitokea barabarani. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka ziwani siku mbili, kikapu kichwani, amelala njiani kwa watu. Habari ilikuwa imemfikia. Alikaa kwenye mkeka, akalia anavyolia Mnyasa, kwa sauti, akimwita dada yake na kumlaumu kwa kuondoka bila kumngoja. Othmar alimwacha amalize. Akamletea maji.

"Shemeji, nimechelewa," Violet alisema.

"Barabara."

"Barabara." Akafuta uso kwa kanga. "Nimekuja pia kwa ajili ya Mwenyekiti. Shangazi bado anamngoja kule Kihagara. Nitambeba kwenye kikapu."

"Huyo ana kwake."

"Kwa nani tena?"

"Kwangu."

Violet akamtazama. "Wewe? Uliyekuwa unawaruka kama madimbwi?"

"Mimi."

"Na alikula mkononi?"

"Siku ya nne."

Violet akageuka akamtafuta paka kwa macho. Alikuwa juu ya gunia la maharage, amelala.

"Dada alikuuliza maswali yake?"

"Alisubiri paka alale. Akaniuliza moja tu. Kama nitaweza bila yeye."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui."

Nje matone yalianza tena kwenye bati. Violet akafungua kikapu, akatoa furushi la majani, usipa wakavu, wazima, hata chenga moja haikuwamo.

"Nilikuwa nimemletea yeye," alisema.

"Weka hapo," Othmar alisema, akainuka kuwasha moto. "Tutakula."